Bastola Iliyomwenea Mwarandu

Risasi ya kwanza ilimkata mbwa sikio. Ya pili ilimwingia begani, akaanguka, akainuka, akaanza kuuzunguka ua wa Kafedha kwa miguu mitatu huku akipiga ukemi kama mtu. Ya tatu ilitoboa sufuria iliyokuwa jikoni.

"Muue basi!" Kafedha alimpigia kelele. "Umekuja kuua, ua! Au Wajapani nao uliwaua hivi hivi, kipande leo kipande kesho?"

Mwarandu wa Gona alijaribu kulenga tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshuka wenyewe, na bastola nzito ya ofisi ilining'inia kidoleni kama ndoo. Aliihamishia mkono wa kushoto, akakosa tena. Mwishowe akaunyakua mchi kwenye kinu cha Kafedha na kumponda mbwa kichwa, mapigo manne, hata ukemi ukakatika. Damu ilimrukia mpaka kifuani.

"Mchi huo nenda nao," Kafedha akasema. "Sitwangii tena."

Mwaka huo wa 1947 kichaa cha mbwa kilikuwa kimeingia Kisauni, na watu watatu wa Junda walikwisha kufa. Mmoja wao alikuwa Karisa, nduguye Mwarandu. Alifungwa kamba kitandani siku nne, akitapatapa kila alipoonyeshwa maji, na aliyeshika kamba hizo alikuwa Mwarandu mwenyewe. Ndiyo maana ofisi ya serikali ilipotafuta mtu wa kupiga mbwa, kazi ambayo majirani waliiona uchafu, yeye alijitokeza. Alitaka mtu mwingine yeyote asife kifo kile. Hakuwa na haja nyingine.

Lakini mkono wake haukumtii. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na huko Burma kipande cha bomu kilimpasua juu ya kiwiko. Serikali iliyompeleka vitani ilimrudishia koti, kofia na mkono usioweza kuinua kikombe cha chai pasipo kusaidiwa na mwenzake. Sasa serikali hiyo hiyo ilimpa bastola ya kiofisa yenye uzito wa jiwe la kusagia, ikamwambia alenge shabaha.

Siku ya pili aliitwa ofisini. Bwana Hollis, mkuu wa ofisi, alisema maneno machache bila kuinua macho, na karani wake Gershom akayatafsiri kwa raha zake. "Bwana asema, mbwa mmoja risasi moja. Ukishindwa hadi Ijumaa, kazi anapewa mwingine. Na amri usiisahau: mbwa mwenye kibati shingoni asiguswe."

Vibati hivyo vya leseni vilitoka mjini kwa barua, na wa kuandikiwa barua walikuwa wenye mashamba makubwa. Junda nzima haikuwa na hata kimoja.

Mwarandu alifunga safari mpaka Changamwe, kwenye stoo ya silaha, kumtafuta Fundi Boga. Boga alikuwa Mdigo wa Likoni, mzee mwenye kofia ya kufuma iliyoingia mafuta ya bunduki, na alizitengeneza silaha za Keya tangu vita ile ya kwanza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ndiwe unayetwanga mbwa kwa mchi?"

"Habari imefika hadi huku?"

"Imefika kabla yako. Keti. Nionyeshe unavyokula."

"Sina njaa, fundi."

"Sikukukaribisha chakula. Nataka kuuona mkono."

Mwarandu alijifanya anamega tonge. Boga aliona kiwiko kikikimbilia ubavuni, na vidole viwili vya mwisho vikilegea. Akatoa bastola tatu kutoka kabatini, akazipanga mezani. Mwarandu akachukua iliyo ndogo kupita zote, ya Kitaliani, iliyotekwa Uhabeshi.

"Hii nyepesi."

"Umeipima kama anunuaye samaki. Haya, ivute nyuma uitie risasi."

Chuma cha juu kilikuwa na springi ngumu, naye alikivuta mpaka jasho likamtoka asikiweze. Boga akamvutia. Walitoka nyuma ya stoo, kwenye magunia ya mchanga, Mwarandu akafyatua. Bastola ilimruka mkononi ikamchana ngozi ya kidole gumba.

"Waona?" Boga akasema. "Haina mwili wa kulipokea teke, basi teke lote walipokea wewe. Na ile ya ofisi ina mwili, lakini mtutu wake mrefu, uzito wote uko mbele unakuvuta chini. Shika hii."

Ilikuwa bastola ya silinda ya kuzunguka, ya ukubwa wa kati, yenye mtutu mfupi na risasi ndogo. Uzito wake ulikaa kiganjani. Boga aliupima mkono kwa uzi, akachonga mpini mpya wa mkwaju, mnene chini ili vile vidole vilegevu vipate pa kuegemea, kisha akauzungushia kipande cha mpira wa baiskeli.

"Nyundo yake usiivute kwa kifyatulio, utachoka. Ivute nyuma kwa gumba la mkono wa kushoto, ndipo ufyatue. Kidogo tu. Na kiwiko kibanie ubavuni, usikinyooshe."

"Nikikibana hapo, fundi, nitapiga umbali gani?"

"Hatua tatu."

"Mbwa mwenye kichaa? Hatua tatu?"

"Mkono wako ndio uliosema tatu, si mimi. Muache aje." Boga akamtazama. "Imekuenea?"

Mwarandu alifumba macho, akaishika, akaiachia, akaishika tena. Tangu Burma hakuna kitu kilichowahi kukaa katika mkono ule bila kumuuma.

"Wallahi, imenienea," akasema, yeye ambaye hakuwa Mwislamu, na Boga akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa aliua mbwa wawili kwa risasi mbili. Wiki iliyofuata aliua sita. Aliwangoja wamjie wakitoa meno, akahesabu hatua, akafyatua, nao wakaanguka pale pale kama gunia. Kafedha mwenyewe, ndugu wa mkewe, alimwambia njiani, "Siku hizi wajua kuua, shemeji. Ungejua mapema ningekuwa na sufuria."

Kisha likaja jambo la kisimani.

Ilikuwa asubuhi, na wanawake, Kafedha miongoni mwao, walikuwa wanateka maji. Mwarandu alikuwa anapita na Gershom, aliyefuatana naye kuandika hesabu ya mbwa, mara wakasikia mayowe. Mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia alitokea upande wa shamba la minazi, kichwa chini, mate yakimning'inia kama uzi, taya limelegea. Mwarandu alijua mara moja kwamba huyu ana kichaa. Alivuta nyundo nyuma, akabana kiwiko ubavuni.

Hatua sita. Tano. Nne. Mkono ulitulia kabisa.

"Kibati!" Gershom alilia nyuma yake. "Ana kibati, Mwarandu! Ni mbwa wa meneja wa shamba!"

Kibati kilimetameta. Hatua tatu. Kidole cha Mwarandu kilisimama. Miaka sita alifundishwa kutii kwa Kiingereza, na mafunzo yale yalikuwa yamekaa kidoleni kuliko risasi bastolani. Mbwa akampita ubavuni, akamrukia Kafedha usoni.

Ndipo Mwarandu akafyatua, kwa karibu hata manyoya yakaungua. Akafyatua tena, na tena, mbwa amekwisha kufa. Shavu la Kafedha lilikuwa limefunguka hata meno yakaonekana, na maji ya ndoo yakageuka mekundu miguuni pake.

Meneja aliapa mbwa wake alikuwa mzima. Kwa kiapo hicho sindano za kumkinga Kafedha zilingojeshwa siku sita. Baada ya wiki mbili kichaa kilimpanda, akafungwa kamba kitandani kama Karisa, na Mwarandu akazishika kamba tena. Siku ya tatu ya kamba mgonjwa alivunja jino akiuma ubao wa kitanda, na kabla ya jua kuchwa akafa.

Baada ya maziko Mwarandu aliitwa ofisini kwa kosa la kuua mbwa mwenye kibati. Aliweka bastola mezani. Kisha akafungua kola, na shingoni pake, kwa uzi wa katani, kilikuwa kibati kile kile chenye damu kavu.

"Mwambie Bwana," alimwambia Gershom, "leo mimi ninacho. Nimeona chawafaa wenye nacho. Aulize nani atanigusa."

Gershom alitafsiri, neno kwa neno, na mara hii bila ile raha yake.

Askari wawili walimgusa. Walimpiga rungu mbele ya meza ile, na walipoona anaukinga mkono wa kulia, wakaupiga huo. Kiwiko kililia kama kuni kavu. Alifungwa miezi mitatu.

Alipotoka, mkewe Kahaso alimkabidhi kifurushi kilicholetwa kutoka Likoni. Ndani mlikuwa na mpini wa mkwaju, mpira wa baiskeli ungalipo juu yake, pamoja na maneno ya Boga aliyomwachia Kahaso kwa mdomo: bastola ni yao, imeandikwa katika daftari lao, mti haukuandikwa.

Mwarandu alikaa kizingitini siku nzima akinoa kipande cha chuma cha lori. Jioni alikitia kwenye mpini, akakifunga kwa waya.

"Kisu cha nini hicho?" Kahaso akauliza. "Wataka kumchinja nani, baba Tsofa?"

Alibania kiwiko ubavuni, akakigeuza mkononi taratibu. Vidole viwili vilegevu vilipata mahali pao.

"Kinanienea," akasema.