Biskuti ya Askari Mwema

Harufu ya biskuti ya maziwa ikichovywa kwenye chai ya moto hunichafua roho. Katika nyumba ninayofanya kazi hapa Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kuna kopo kubwa la biskuti hizo juu ya friji. Kila alasiri Lulwa, kitinda mimba wa Madam, mwenye miaka minne, huniletea moja iliyolowa nusu, inamdondoka vidoleni. Nikimwambia hapana, hunikodolea macho kama aliyemwona mbuzi akikataa majani, kisha humkimbilia mamake kumpasha habari kwa Kiarabu kwamba hakuna biskuti: "Mama, mafi biskuti!" Madam hudhani nimefunga.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi mwaka jana nilizipenda biskuti hizo kupindukia, na niliwahi kukaripiwa kwa kumaliza kopo. Nitawaeleza kilichotokea, maana nikikaa nalo peke yangu litaniozea tumboni.

Nilizaliwa mlimani, kule nchi yetu inakoishia na nyingine inakoanzia. Tulilima vitunguu na viazi kwenye mteremko mkali kiasi kwamba kiazi kikikuponyoka mkononi unakiaga. Asubuhi ukungu uliingia hadi jikoni bila hodi. Baba yangu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sweta moja ya buluu aliyoivaa masika na kiangazi. Mama alikuwa mwepesi wa ulimi, na kwa usafi alijulikana mteremko mzima. Mimi nilimrithi usafi. Nikiwa na miaka minane tayari nilikuwa bingwa wa vyombo: nasugua kwa majivu na mchanga, nasuuza kijitoni, napanga kwenye kichanja nje ya jiko vikauke juani. Wapita njia walinisifu, nami nilizipenda sifa zao vibaya sana.

Mwaka huo vijana wakaingia msituni na bunduki. Walisema mlima ni wetu peke yetu, kwamba tutajitenga na serikali ya watu wa chini, tuwe na bendera yetu wenyewe. Sisi watoto tulilifurahia jambo la bendera, hata tukagombana juu ya rangi zake. Punde tukajua kwamba bendera nayo hula. Walikuja mchana kweupe, sita, saba, wakakaa kwenye viti vyetu na matope yao, wakamwagiza mama ugali na maharagwe, wakatema maganda sakafuni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa ungewapa jembe wangekuzika nalo. Siku waliyomchukua ng'ombe wetu walisema ni mchango wa ukombozi. Walimchinja palepale kijitoni tulikochota maji, wakabeba nyama, wakaacha kichwa na matumbo majini. Kwa wiki nzima chai yetu ilinuka mzoga. Hadi leo nikisikia mtu akitamka neno ukombozi, pua yangu hutangulia kusikia kabla ya masikio.

Kisha serikali ikaleta askari. Tulishangilia, wajinga sisi. Askari hawakuwajua waasi kwa sura, basi wakaamua kwamba kila mwanamume mwenye mabega na viganja vigumu ni mwasi. Mkulima gani wa vitunguu hana viganja vigumu? Wakawa wanapita boma kwa boma na lori, wanapakia wanaume, wanawashusha kwenye uwanja huko chini kuwauliza maswali. Wengine walirudi wakiwa hawazungumzi. Wengine hawakurudi. Kanisani katekista alituliza watu kwa ile methali ya fahali wawili wapiganapo na nyasi ziumiazo. Mama alisonya hadi benchi la mbele likageuka. "Nyasi huota tena," alisema njiani. "Mtu umemwona akiota?"

Ndipo wanaume wakaanza kushinda ng'ambo ya korongo, kwenye mianzi, ambako uliweza kuona maboma yetu yote kama vitu vilivyotandazwa mezani. Baba aliondoka baada ya uji na kurudi wakati wowote alioona vyema. Nilijiuliza alijuaje wakati wa kurudi, kwa kuwa hatukuwa na simu yenye chaji, lakini mtoto wa enzi hizo hakuuliza mambo ya wakubwa. Niliona tu kwamba siku nyingine mama alitoa ile sufuria yetu kubwa, yenye masizi mgongoni, akaifudikiza juu ya kichanja, chafu vilevile. Iliniudhi. Nilidhani mama anazeeka.

Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi, jua limechomoza vizuri baada ya mvua. Lori likasimama njiani, askari watano wakaingia bomani. Mkubwa wao alimwamuru mama achinje kuku. Mama aliniambia nikachote maji, na nilipotoka nikamwona anaiweka sufuria ile juu ya kichanja, mgongo mweusi juu, halafu akaingia jikoni na askari wawili nyuma yake. Niliona haya. Wageni, hata wawe wageni wabaya, waone masizi yetu?

Askari mmoja alibaki nje, ameketi juu ya gogo. Alikuwa na pengo la jino na sauti ya chini, sauti ya mtu anayembembeleza ndama. Aliniuliza jina.

"Chebet."

"Chebet, unasoma darasa la ngapi?"

"La tatu."

Akafungua mfuko wake, akatoa pakiti ya rangi ya majani, akanipa biskuti ngumu kama kigae. Akanionyesha namna ya kuichovya kwenye kikombe chake cha chai. Sikuwahi kula kitu kitamu namna ile. Ilinukia maziwa. Tangu vijana waingie msituni hakuna mtu mzima mwenye bunduki aliyekuwa ameniuliza jina, wacha kunipa kitu.

Kisha akaitazama sufuria. "Naona wewe ni msichana msafi," akasema. "Sasa mbona sufuria ile chafu hivyo? Ningekuwa na binti kama wewe angeipeleka mtoni akaisugua mpaka nijione humo."

Ndugu zangu, niliruka. Niliishusha sufuria, nikateremka nayo hadi kijitoni, nikaisugua kwa mchanga na majivu na hasira zote za siku nyingi. Masizi yalitoka kama ngozi. Nilikuwa nikiimba. Niliporudi nimeibeba mbele ya kifua, inametameta, askari wa pengo alipiga makofi, nami nikaingia nayo moja kwa moja jikoni kumwonyesha mama.

Alikuwa anageuza ugali. Mwiko ukasimama.

"Umeitoa saa ngapi?" aliuliza.

"Kitambo, Mama. Angalia, imetakata."

Alitazama mlangoni, ng'ambo ya korongo, kisha akawatazama wale askari wawili waliosimama kando yake. Nilingoja sifa zangu. "Vizuri," alisema. Ugali uliungua. Mama hakuwahi kuunguza ugali.

Sweta ya buluu ilitokea kwenye kipenyo cha ua kabla hawajanawa mikono. Baba alikuwa amebeba mzigo wa kuni begani, anapiga mluzi. Mluzi ulikatika. Hakukimbia, kwa sababu nilikuwa nimesimama kati yake na bunduki. Aliweka kuni chini taratibu, akaniuliza, "Mmekula?" Nikasema bado. Walimwambia akae chini, wao wakala kwanza. Walimla yule kuku mpaka mifupa, wakanyonya shingo, wakafuta vidole kwenye kitambaa cha mezani alichokifuma mama, na baba ameketi chini miguuni pao. Mkubwa wao aliteuka, akamwambia mama amejaliwa mkono. Ndipo wakampandisha lorini. Yule wa pengo alinipungia mkono. Nami, Mungu anisamehe, nikampungia.

Baba hakurudi. Mama alikwenda kule uwanjani mara tisa, akatembea ofisi zote za bondeni, na kila mahali jina la baba halikuwa kwenye daftari. Mwisho tuliuza shamba tukahamia Nakuru kwa mjomba, nikamalizia shule huko. Kitu kimoja kilibadilika ambacho nilikihesabu kuwa ni pole kutoka kwa mama: tangu siku ile hakuniruhusu kuosha chombo hata kimoja. "Nenda ukasome," alikuwa akisema, ananinyang'anya sufuria mkononi. Binamu zangu waliniita malkia. Nilipokuja kufunzwa kazi za nyumbani kabla ya safari ya huku, mwalimu alinitazama nikisugua sufuria akauliza kama nyumbani kwetu tulikuwa tunakula majani mabichi. Mtu aliyekuwa bingwa wa mteremko mzima!

Mwaka jana, likizo ya shule, Baba wa nyumba alituhamishia Jeddah kwa mwezi mmoja. Huko tulipewa dereva Mkenya, mtu wa makamo, mcheshi, ambaye wenzake walimwita Kamanda kwa kuwa aliwahi kuwa jeshini. Alasiri moja Madam aliingia dukani na dada zake, akatuacha garini kwenye maegesho. Lulwa alilala mapajani mwangu, biskuti nusu mkononi. Nje kulikuwa na joto la Jeddah, lile linalokulamba kama ulimi wa ng'ombe, kwa hiyo hatukuweza kuzima gari wala kushuka.

Kamanda alipenda hadithi. Aliniuliza natoka wapi, nikajibu Nakuru. Basi, bila kujua, akaanza kunisimulia mlima wangu, alikopelekwa akiwa jeshini.

"Sister, hao watu walikuwa wajanja. Unafika kwa boma, wanaume mafi, hata mmoja. Ukiondoka tu, wote wamerudi. Tukakaa tukichunguza. Kumbe ni masufuria! Mama anaweka sufuria nje imegeuzwa, mzee akiiona huko ng'ambo anajua mmefika. Ikitoka, anajua ni sawa, anakuja."

Nilisema, "Kumbe."

"Sasa ukiitoa wewe mwenyewe, mama atapiga nduru mzee asikie. So unafanya aje? Unatafuta mtoto." Alicheka, akanitazama kwenye kioo. "Unampa biskuti ya ration ya jeshi, unamsifu, unamwambia aende aoshe. Mtoto mwenyewe ndiye anakuitia babake. Ilikuwa inafanya kazi kila mahali. Hata tulikuwa tunaulizana asubuhi: leo nani anabeba biskuti?"

Nilimtazama kinywani. Meno yote yalikuwepo. Umri haukulingana, sauti haikulingana. Hakuwa yeye, na hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Laiti angekuwa yeye, ningekuwa na mtu mmoja wa kumchukia. Miaka yote nilibeba uso wa yule wa pengo kama uso wa mtu pekee aliyekuwa mwema kwetu, kumbe wema wake ulikuwa zamu, kama zamu ya kuteka maji, na mimi nilikuwa mmoja wa watoto wengi walioruka na masufuria yao kwenda mtoni wakiimba. Na wale wa msituni, waliotuletea balaa hili kwa ajili ya bendera, nasikia wakubwa wao siku hizi wana maduka mjini.

Harufu ya maziwa na ute wa mtoto ilinipanda puani. Nilifungua mlango nikatapika kwenye lami, Lulwa bado amelala. "Pole, sister," alisema Kamanda. "Ni hii joto." Akanipa chupa yake ya maji. Nilisukutua kinywa changu kwa maji yake, na hata hilo ninalichukia.

Ijumaa iliyofuata nilimpigia mama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nilisema moja tu: "Mama, ile sufuria. Ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Tangu ulipoingia nayo, yule askari wa nje akikupigia makofi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie uende nalo wapi? Ulikuwa na miaka minane."

"Sasa sina minane."

"Kwangu unayo," akasema, akaanza kuniuliza kama ikama yangu, kibali cha kuishi huku, imeshatoka na kama kafili, mwajiri wangu, ananipa siku ya kupumzika. Ndivyo alivyo.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na kinyaa changu kwa watu wenye bunduki, wa msituni na wa lorini, hakijapungua hata punje. Sitaki kipungue. Lakini kuna jambo ambalo sikumkumbusha mama kwenye simu, kwa sababu nilijua analikumbuka. Kila jioni kabla ya kulala tulipiga magoti pamoja, mimi na yeye, kwanza mlimani na baadaye Nakuru. Yeye aliomba kwa ajili ya baba. Zamu yangu ilipofika, mwaka baada ya mwaka, niliomba Mungu ambariki yule askari mwema aliyeniuliza jina langu. Na mama, ameushika mkono wangu, alikuwa akiitikia: "Amina."