"Mungu Hakuiweka Injini Ile": Secilia wa Mlalo na ufunguo wa pikapu

Saa tisa alasiri, kesho ni gulio, na ukungu umeshashuka mpaka kwenye mabati ya maduka ya Mlalo. Ndani ya chumba kimoja nyuma ya stendi, magari yananguruma kama yanataka kutoboa ukuta. Secilia Shemhilu amekaa kwenye kigoda, mgongo ameupa runinga.

Mbele yake kuna benchi, na kwenye benchi kuna vijana wanne wenye jasho. Wao wanaangalia gari kwenye kioo. Yeye anaangalia vidole vyao juu ya padi za kuchezea.

"Acha," anamwambia Idd, dereva wa bodaboda ambaye leo kaegesha pikipiki kwa sababu ya utelezi. "Hapo hapo, acha."

"Dada Seci, padi hii mbovu. Nakata kushoto, gari linanyooka utadhani limetumwa dukani."

"Padi nzima. Kidole chako kimefika mwisho kabla ya kona. Umeongeza nini?"

"Injini."

"Na nini kingine?"

"Injini tu. Ile kubwa kuliko zote."

"Na breki?"

Idd anawageukia wenzake, anacheka. "Breki za nini tena? Mimi nataka liende."

Secilia anampokonya padi. Siku nyingine angecheka naye. Wiki hii hacheki na mtu.

Chumba hiki zamani kilikuwa stoo ya viazi, na mvua ikinyesha harufu ya magunia inarudi. Kuna runinga mbili na mashine mbili za gemu. Nusu saa ni shilingi mia tano, na Secilia, mwenye miaka ishirini na sita, anapata theluthi ya kinachoingia. Zinazobaki ni za mwenye chumba, anayeishi Lushoto mjini. Padi moja imefungwa kwa raba ya baiskeli. Kuna mteja aliibamiza ukutani, akisema ndiyo iliyomwangusha.

Gemu lenyewe ni la mbio za magari. Mchezaji akishinda anapata pointi, na kwa pointi anaongeza vifaa kwenye gari lake: injini, tairi, springi, breki. Hapo ndipo balaa linapoanza. Gari lililokuwa linakata kona vizuri jana, leo limeongezwa nguvu na halitawaliki. Wengi hukasirika na kuanza upya. Wenye subira wanamwita Secilia.

"Mtu hawezi kukwambia gari lake lina nini," anasema. "Atakwambia anachotaka wewe usikie. Mikono ndiyo inasema. Kidole kikifika mwisho na gari bado limenyooka, tatizo liko mbele. Kidole kikirukia ghafla upande wa pili, ujue mkia umetoka, anajaribu kuurudisha. Macho nayaacha kwake, mimi nakaa na mikono."

Akishaona, hafanyi haraka. Gari analivua kila kitu mpaka libaki kama lilivyonunuliwa. Kisha anavisha kifaa kimoja, mchezaji anazunguka mara moja. Anavisha kingine, anazunguka tena. Palipoharibika ndipo anaposimama.

"Wanachukia hiyo," anasema. "Wao wanavisha vyote kwa mpigo, halafu likianguka hawajui kipi kimewaangusha. Wanalaumu padi."

Kwa miaka sita aliyokaa hapa, anasema, kosa limekuwa lile lile, na halikuanzia kwenye gemu. Limetoka barabarani.

Huku milimani, gari jipya likifika kijijini watu hawaulizi bei wala mwaka. Wanauliza neno moja: linapanda? Likipanda na magunia ya viazi mgongoni bila kupumzika, hilo ni gari. Likikohoa kwenye mlima wa Malindi, hapa jirani, mwenyewe atachekwa mpaka aliuze. Kushuka hakuna anayekuuliza. Kushuka, wanasema, hata jiwe linashuka.

"Kwa hiyo mtoto wa hapa ukimpa pointi, zote ananunua injini," Secilia anasema. Sauti yake inapanda. "Hata kama barabara aliyochagua inateremka mwanzo mpaka mwisho! Analitafutia nguvu gari linaloshuka. Mimi nikiona kwenye gemu nakasirika kidogo. Lakini kaka yangu naye amefanya hivyo hivyo, na yeye anabeba watu."

Kaka yake anaitwa Anord. Ana pikapu waliyoachiwa na marehemu baba yao, na siku za gulio anashusha nayo kabichi na karoti mpaka Mombo, chini kwenye barabara kuu. Juu ya kabichi hukaa akina mama wanaokwenda kuuza. Kwa miaka mingi pikapu ile ilikuwa na injini yake ndogo, na ilipanda kwa kulalamika. Watu waliiita Mgonjwa.

Mwaka huu Anord akaing'oa. Akanunua Tanga injini iliyotoka kwenye gari kubwa zaidi, fundi wa huko huko akaifunga. Pikapu ilipoingia Mlalo ikipanda kwa gia ya tatu, watu walitoka madukani kushangaa. Jumapili ile ilipelekwa kanisani, ikaegeshwa mlangoni, na baada ya ibada ikaombewa kama desturi.

"Nilikuwepo, nikainamisha kichwa na mimi," Secilia anasema. "Watu wameshika boneti, wanaishukuru injini. Boneti tu. Hakuna aliyeinama kuangalia chini kwenye magurudumu. Na mtumishi wa Mungu simlaumu, yeye aliombea alichoonyeshwa."

Haukupita muda Anord akaanza kulalamika kwamba gari kwenye kona za kushuka Soni linakuwa zito, linachelewa kugeuka. Alilileta jambo hilo nyumbani kama mzaha, wakati wa kula.

"Haya, daktari wa magari ya kioo," alimwambia dada yake. "Mgonjwa wangu anakataa kona. Tiba?"

Secilia alimjibu akiwa anapakua ugali. Akasema tairi za mbele zitakuwa zimeisha.

Anord akabadilisha tairi za mbele. Wiki iliyofuata akashuka kwa raha zaidi, kwa kuwa sasa alikuwa na tairi mpya. Safari hiyo mama yao, Yusta, alikaa mbele, akienda kumwona ndugu yake Mombo.

Juu kidogo ya Soni, kwenye kona moja inayogeukia kushoto, pikapu haikugeuka. Ilinyooka. Ikavuka barabara ikagonga ukingo wa udongo, ikasimama. Upande huo kulikuwa na mlima. Kona iliyofuata inageukia kulia, na upande wake wa nje ni hewa tupu.

Juu ya kabichi walikuwapo akina mama watano. Mmoja alivunjika mkono. Mama Yusta alipasuka mdomo.

"Mama aliporudi alipitiliza jikoni," Secilia anasimulia. "Alikaa, akaomba maji ya moto. Anord anaingia, unajua alisema nini? 'Mungu mkubwa, mama. Ajali haina kinga.'" Anasimama kutoka kwenye kigoda. "Haina kinga! Mungu hakuiweka injini ile. Kaiweka kaka yangu. Kila mazishi huku tunasimama tunaimba kwamba ni mapenzi ya Bwana, na aliyekuwa anaendesha amesimama nasi, anaimba besi!"

Anakaa tena.

"Na hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Hapa simjibu hata mtoto mpaka nione mikono yake. Kaka yangu nikamjibu nimeshika mwiko. Nilisema tairi. Hazikuwa tairi."

Ilikuwa nini, anajua Stephano, fundi mwenye gereji ya miti mitatu na turubai, upande wa juu wa soko. Ndiye aliyeitwa kuikagua pikapu ilipovutwa kurudi nyumbani.

"Injini ni nzito, pua imelala," anasema Stephano, akionyesha kwa kiganja. "Springi za mbele ni zile zile za zamani, zimechoka. Breki ni zile zile za Mgonjwa. Halafu kuna jambo la dereva mwenyewe. Injini ndogo ilimlazimisha ashuke kwa gia ya pili, taratibu. Hii mpya inampa kiburi, anashuka na ya nne huku amekanyaga breki mlima mzima. Zikipata moto, basi."

Anaulizwa kuhusu Secilia na tiba zake za kwenye gemu. Anatabasamu.

"Gemu ni gemu. Kule breki hazinuki. Alipokosea, alikosea. Lakini lile la kuvua na kurudisha kimoja kimoja, hilo nimemwambia aje awafundishe vijana wangu. Nao wana haraka."

Usiku ule wa ajali ufunguo wa pikapu ulikuwa mezani. Mama Yusta aliusukuma kwa kidole mpaka mbele ya binti yake, akaenda kulala. Tangu hapo Secilia anauvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu.

Leo, saa kumi na moja kasoro, mlango wa chumba cha gemu unafunguliwa. Ni Anord, koti limelowa.

"Onga mshi," anasalimia kwa Kishambaa. Vijana wanamwamkia, shikamoo moja moja. Dada yake pia anasimama, anampa shikamoo yake, maana hasira haiondoi adabu. Kisha anakaa.

"Marahaba. Nipe ufunguo, Secilia. Mzigo uko stendi unaningoja. Wenye kabichi wananipigia simu."

"Waambie watafute gari lingine."

"Watu wote wananicheka! Gari langu, ufunguo amevaa dada kama msalaba."

"Wakucheke ukiwa hai, kaka. Sikatai."

"Linapanda kuliko gari lolote Mlalo hii!"

"Na mkono wa yule mama ulivunjika wakati mnapanda?"

Idd, ambaye hajui kunyamaza, anamsogezea Anord nafasi kwenye benchi.

"Kaka Anord, kaa ucheze moja upoe. Bure, nalipa mimi."

Anaketi, labda kwa kuchoka tu. Anachagua pikapu. Anapewa pointi za Idd, na bila kuulizwa anaweka zote kwenye injini. Kati ya barabara za gemu, Secilia anamchagulia ile ya kuteremka. Dada anageuza kigoda, anakaa mbele ya kaka yake, anaangalia mikono.

Gari linaondoka kwa fahari. Kona ya kwanza inafika upesi. Kidole gumba cha Anord kinafika mwisho, kinakandamiza mpaka ukucha unakuwa mweupe. Gari linanyooka, linapasua uzio, linaelea.

Anord anaigeuza padi, anaitazama chini na juu.

"Padi hii mbovu," anasema.

Hakuna anayecheka, hata Idd. Anord anainua macho, anamkuta dada yake bado anaangalia kidole chake, na machozi ya hasira yanamtoka bila yeye kuyafuta. Anaiweka padi kwenye benchi polepole. Anafunga koti, anatoka. Ufunguo hauombi tena.

Secilia anasubiri mlango utulie ndipo anazungumza.

"Sina nia ya kumnyima kazi. Ile pikapu ndiyo inayotulisha na mimi. Msimu wa mapeasi unakuja, mzigo utakuwa mwingi kuliko kabichi, na nataka ashushe yeye." Anaushika ufunguo kifuani. "Lakini mkononi mwake sitauweka. Stephano atakuja kuuchukua mwenyewe, na mimi nitakwenda naye. Nimemwambia alivue lote. Tuanze na breki, tushuke mpaka kona ya kwanza tu, turudi. Tuweke springi, tushuke tena. Akina mama wasipande hata mmoja mpaka tumalize."

Na siku pikapu itakaporudi barabarani kwa kweli?

"Siku hiyo nitafunga chumba hiki," anasema. "Nitakaa mbele, pale alipokuwa amekaa mama. Barabara aangalie yeye. Mimi nitaangalia mikono."

Anamgeukia Idd, anamrudishia padi.

"Haya. Toa injini hiyo, tuanze upya."