Mfuko Uliofika Mlangoni mwa Hekalu

Saa tano na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, tulianza kuvua viatu kwenye ukumbi wa nje wa hekalu la Wahindu huko Tooting. Mimi, mwalimu wao, niliongoza watu kumi na mmoja wa kanisa letu, karibu wote Wakenya wa ughaibuni. Tulikuwa tumeshaona kanisa la kale na msikiti, lakini hekalu ndilo lililowatoa nyumbani. Ruhusa yake niliiomba kwa barua nne, kwa muda wa miezi minane. Nami nilikuwa nimewaahidi kwa maandishi: jengo lolote likikosekana, narudisha ada yote ya matembezi.

Msimamizi alikuwa mzee aliyezaliwa Kisumu. Alitusalimu kwa Kiswahili, kisha akamwona mama mmoja, nesi mstaafu, amekumbatia mfuko wa karatasi.

"Mama, umeniletea omena, dagaa wa kwetu?"

"Omena nenda ukale huko kwenu Kisumu, mzee. Hizi ni sambusa. Siwezi kuingia kwa watu mikono mitupu."

Watu wakacheka. Mzee akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akasema ataupeleka ndani kwenye meza ya matoleo.

Ndipo niliponusa nyama. Njiani mama alikuwa amebaki nyuma dakika chache, karibu na duka la mchinjaji anayeuza pia sambusa. Kwenye karatasi niliyowagawia niliandika habari za viatu, vitambaa vya kichwa, simu na picha. Chakula sikukiandika, wala kwamba nyama haiingizwi hekaluni. Kwangu yalikuwa matembezi. Kwa mama ilikuwa ziara, na ziara ina zawadi.

Kutoka pale hadi mlango wa ndani palikuwa na hatua kama kumi. Ningenyamaza, tungeingia. Mzee alishatembea sita au saba.

"Mzee, subiri. Nadhani zina nyama."

Akasimama, mfuko ameusogeza mbali na kifua.

"Nyama gani?"

"Ya ng'ombe," mama akajibu kwa sauti ndogo. "Haki ya Mungu, baba, sikujua."

Mzee alitupita, akauweka mfuko nje juu ya ukuta, akanawa mikono kwenye bomba la uani. Alinawa muda mrefu. Sisi tulisimama na soksi kwenye sakafu baridi, hakuna aliyethubutu kuvaa viatu wala kusogea mbele.

"Mwalimu," aliniambia aliporudi, "ungenyamaza, usingekanyaga hapa tena. Umesema, kwa hiyo niandikie barua nyingine. Lakini leo hamwingii. Nimezishika mimi mwenyewe, na walioko ndani wameniona."

Mama alikuwa anafuta machozi kwa mtandio.

"Usilie, mama," mzee akamwambia. "Hata mama yangu asingekuja bila kitu mkononi."

Tulipofika barabarani nilifungua bahasha ya ada. Wawili walisema niache tu, sikuacha. Mama alikataa kabisa kupokea, nikaitia sehemu yake kwenye mfuko wa koti lake. Pauni nane kwa kila mtu, watu kumi na mmoja: pauni themanini na nane.