Hakuna Pora Hapa

Neno "pora" nililipata shuleni, darasa la tatu, kwa mwalimu aliyetoka pwani, ambaye hakuelewa sisi watoto wa Kisii tuliwezaje kuishi na kuku bila kuwajua kwa majina. Kuku jike mchanga ni tembe, alisema. Dume ambaye bado hajaanza kuwika ni pora. Nyumbani kwetu dume aliitwa etwoni tu, awe mdogo au mkubwa, tukamaliza. Kisha mwalimu akaongeza kwamba kupora ni kumnyang'anya mtu kitu chake kwa nguvu, ila hayo ni maneno mawili mbalimbali, tusiyachanganye. Mimi niliyachanganya siku hiyo hiyo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya uhuru, na tulikuwa tumehamia shamba jipya upande wa Nyamira, kule mashamba ya Wazungu yalikokatwakatwa na kugawiwa watu. Tulikuwa na ardhi, tulikuwa na baridi, na hatukuwa na kuku hata mmoja. Mama akaenda kwa nyanya kule Ekerenyo, akarudi na mtetea ndani ya kikapu, na mayai yaliyofukiwa kwenye wimbi yasije yakavunjika njiani. Mtetea huyo alikuwa na upanga mwekundu kichwani mkubwa kuliko wa majogoo wengi niliowahi kuwaona. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, kwa hiyo alifungwa jikoni, akaatamia pale karibu na mafiga, na vifaranga wakatoka.

Msimu huo huo kijana mmoja wa Kenyenya alimposa dada yangu. Nilimchukia kabla sijamwona, na nilipomwona nikaendelea. Kenyenya ilikuwa upande wa pili kabisa wa dunia yetu, mbali kupita mji wa Kisii, mahali ambapo mtu haendi na kurudi kwa siku moja. Baba alikuwa amekubali. Kilichobaki ni wakwe kuja kukaribishwa rasmi, na hapo mama aliweka sharti lake.

"Wakwe hawapikiwi kuku wa sokoni," alisema. "Watakula jogoo wa boma hili. Tukimpata, tutawaita."

Kwa hiyo mimi nilijua ninachotaka. Nilitaka vifaranga wote wawe tembe. Pasipokuwa na pora hapatakuwa na jogoo, pasipokuwa na jogoo wakwe hawaji, na wakwe wasipokuja dada haendi popote. Hesabu za shule zilinishinda, lakini hiyo niliipiga bila kukosea. Niliipeleka mpaka kanisani. Sabato, wenzangu wakiombea wagonjwa na mvua, mimi nilifumba macho nikaombea kuku wawe majike.

Dada ndiye aliyekuwa akiwatunza. Aliwafungulia asubuhi kabla ya kwenda kuchuma pareto, na jioni akawafunika kwa tenga. Tulilala kitanda kimoja, blanketi moja, na baridi ya kule juu ilikuwa baridi kweli. Mpaka leo silali vizuri nisipokuwa na mgongo wa mtu karibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha. Tazama miguu, alisema, ya dume ni minene. Tazama manyoya ya shingo: ya jike yana ncha za duara, ya dume yamechongoka. Kisha alivua leso yake akairusha juu yao ghafla.

"Anayechutama ni jike," alisema. "Anayesimama akanyoosha shingo kama askari, huyo ni dume."

Leso ikapita. Wengi walichutama. Watatu walisimama wakaitazama kama wanaoidai kitu.

"Hao ni pora!" nikapiga kelele. Lile neno lilikuwa limeshaingia nyumbani kupitia kwangu, na dada alilipenda.

Dada aliiokota leso yake. Akamshika mmoja wa wale watatu, akampapasa shingo, akamgeuza huku na huku.

"Hakuna pora hapa," alisema. "Hawa ni wakaidi tu, kama wewe."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Wiki zikapita, wale watatu wakaota upanga kichwani, ukaanza kuwa mwekundu. Nikamkimbilia. Akaniambia nimtazame mama yao: si ana upanga kushinda majogoo? Ndio ukoo wa kuku wa nyanya. Walipoanza kupigana alisema hata wanawake hupigana kisimani. Na kila jioni mama, akirudi shambani na jembe begani, aliwapitia pale nje, akasimama.

"Kuna pora?" aliuliza.

"Hakuna pora hapa, mama."

"Haya," mama alijibu, akaingia ndani kuwasha moto.

Niliishi kwa "haya" hiyo. Pareto ikachumwa, ikaanikwa, ikachumwa tena, na dada bado alikuwa wetu. Alikuwa akiimba sana siku hizo, akishona vitambaa vya meza kwa nyuzi kutoka duka la Mhindi mjini, nami nilidhani anaimba kwa sababu anangoja kwenda. Iliniuma. Nilijiona niko peke yangu katika vita ile.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado mlangoni, sauti ilitoka chini ya tenga. Ilianza vizuri, ikakatika katikati, ikamalizia kwa mkoromo. Baba alicheka mpaka akakohoa.

"Tembe wenu anawika!" alisema.

Hakuna aliyecheka naye. Mama alikuwa akikoroga uji, akaendelea kukoroga. Siku hiyo baba alituma habari Kenyenya.

Wakwe waliwala majogoo wote watatu, kwa ugali wa wimbi na mboga za chinsaga. Mimi nilikataa hata mchuzi. Dada alipoondoka nilibaki na blanketi zima, na sijawahi kusikia baridi kama ile.

Nilikuwa msichana mkubwa, karibu kumaliza shule, nilipoenda Kenyenya kukaa naye likizo. Uani kwake kulijaa kuku. Kulikuwa na vifaranga ambao hata manyoya hayajakamilika, na yeye aliwapitia akimwaga punje, akisema bila kuinama: tembe, tembe, pora, tembe, pora. Hakurusha leso. Hakumshika hata mmoja.

"Dada," nikamwambia, "sasa wale wa nyumbani ulikosea vipi?"

Aliendelea kumwaga punje mpaka mkono ukawa mtupu.

"Sikukosea," alisema. "Nilitaka kukaa nanyi kidogo zaidi."

"Na mama je? Ulimdanganya miezi yote ile?"

Hapo alicheka, lakini macho yake hayakucheka.

"Mama amefuga kuku tangu hatujazaliwa," alisema. "Unadhani hakuwa anaona?"

Niliingia nyumbani kwake nikalia, msichana mzima, mbele ya watoto wake. Nilitaka jioni moja tu ya zile irudi, ukungu unashuka, mama amesimama uani na jembe begani anauliza, na mimi niwahi kumjibu kabla ya dada: hakuna pora hapa.