Dada Anayefundisha Madaktari Kusema

Dada yangu ana kazi ambayo hata mumewe hajaielewa mpaka leo: anafundisha madaktari kusema. Si kutibu, kusema. Ukizuka ugonjwa, nani atangaze, na kwa maneno gani ambayo muuza mkaa atayashika huku anapima mkaa wake. Miaka tisa sasa. Mimi mdogo wake ndiye msaidizi, nabeba vipaza sauti na kubandika karatasi ukutani, na sikufichi: watu wazima wenye digrii wamenichosha roho.

Kanuni yake ni moja tu. Sentensi ya kwanza imwambie mtu afanye nini. Basi! Lakini wape kalamu uone. "Kufuatia tathmini ya awali iliyofanywa na jopo la wataalamu..." Lo! Mpaka wafike kwenye jambo lenyewe, msikilizaji ameshazima redio.

Sugu kuliko wote alikuwa daktari mkuu wa mji wetu. Jumatano moja alikuwa kwenye mafunzo yetu, mbali na mji, mwendo wa saa saba kwa gari. Katikati ya somo simu yake ikalia: watu kumi na wawili wanaharisha na kutapika, wote wanachota kwenye tangi la mtaa wa nyuma ya kiwanda. Dada akaniangalia. Mama yetu anakaa hatua chache kutoka tangi lile, na simu yake ilikuwa kwa fundi tangu juzi. Nikawapigia majirani wawili, hakuna aliyepokea. Kilichobaki kwa mama ni redio.

"Mkuu, redio watakupigia saa sita," dada akasema. "Anza hivi: Msinywe maji ya tangi. Chemsheni maji yote. Anayeharisha aje hospitali sasa hivi."

"Mwalimu, watu wataingiwa na hofu. Na vipimo havijarudi."

"Waache waogope, wakiwa hai!"

Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa. Akakata hiki, akaongeza kile, akampigia bosi wake, bosi naye akampigia wake. Saa sita kamili akashika simu.

"Ndugu wananchi, hakuna sababu ya taharuki. Hali inafuatiliwa kwa karibu, na wataalamu wetu wapo kazini..."

Akaenda hivyo dakika tatu nzima, kwa sauti ya upole, dada amesimama mbele yake akimwonyesha karatasi iliyoandikwa MAJI. Alipovuta pumzi ili ayataje, mtangazaji akamshukuru, wakaingia matangazo ya sabuni. Dada akakaa chini sakafuni. Mimi nilimtukana yule mzee, na sijutii.

Tukaondoka saa ile ile, gari likatugomea njiani. Tulipofika asubuhi ya pili yake, mama alikuwa wodini, dripu mkononi, midomo imekauka. Dada akamshika mkono, hasira zote zimemwisha.

"Mama, hakuna aliyekwambia maji ni mabaya?"

"Jirani aliniambia mapema, nikamwaga ndoo zote mbili," mama akasema polepole. "Halafu nikamsikia daktari mkuu, yule mwanafunzi wako. Mwanangu, unajua kufundisha. Aliongea vizuri, moyo wangu ukatulia kabisa. Nikachukua ndoo, nikarudi kuchota."