Keke Isiyo na Waya

Juzi nilikuwa ofisini kisiwani Pate, mimi na wanawake wenzangu, tukingoja muhuri. Afisa wa bara alimpa fundi seremala keke ya betri atoboe mlango.

"Haina waya, haina hatari," akasema.

Fundi akaiegemeza tumboni, akabonyeza. Keke ikadaka pindo la kikoi chake, ikaanza kukizungusha. Mkono mmoja wa fundi ukakimbilia kiunoni, wa pili ukazidi kukaza swichi.

"Bwana, izime!" fundi akamlilia afisa.

"Niizime wapi?" Afisa alikuwa akitafuta waya wa kuchomoa.

"Ondoa kidole, mwanangu," nikamwambia fundi.

Akaondoa. Keke ikanyamaza, lakini kikoi kizima kilikwisha kuwa chake, si cha fundi tena. Sisi wanawake tukatazama dari, kwa zamu.

Kumbe waya wa keke ile ni kidole. Na afisa alisema kweli, haina hatari kwa mwenye suruali.