Hoteli Aliyomuchagulia Valentin

Pale Majengo ukiuliza nyumba ya Léonie Katungu, watu watakutazama tu. Uliza nyumba ya Mama wa Hoteli, na hata motari, dereva wa pikipiki, anayelala juu ya moto yake atafungua jicho moja na kukuonyesha njia.

Mama wa Hoteli hana hoteli. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na ana macho. Kazi yake ni kuwachagulia watu pa kulala na pa kula: wachumba, waliotoka kufunga ndoa jana, bwana na bibi wanaotaka siku mbili bila watoto. Wanatoka Bukavu kwa mashua ya haraka, wengine Butembo, wengine wanavuka toka Gisenyi. Goma wanaijua kwa majivu yake na kwa ziwa lake, lakini hawajui chumba gani kina maji ya moto kweli. Léonie anajua.

Hachagui kwa picha za simu. Anaenda mwenyewe. Anakaa juu ya kitanda, anajaza glasi maji na kuiweka kwenye meza ndogo ya pembeni, kisha anaomba wawashe jenereta. Maji yakitetemeka, chumba hicho hakipati wapenzi. Robine ya bafuni anaifungua saa moja asubuhi, saa ile wageni wote wanaoga. Anakohoa karibu na ukuta, na jirani akikohoa kumujibu, anafunga mlango na kuondoka. Kwenye restora anakaa saa nzima kwenye kona na Fanta yake, akitazama serveur anampa nani karatasi ya vyakula: bwana peke yake, ao na bibi pia?

Hayo yote anayafanya karibu bila kufungua mdomo. Na ni juu ya huo ukimya mbuzi za mahari zilitoka kwao.

Miaka sita nyuma Léonie alikuwa mchumba wa Valentin Kakule, kijana wa Butembo kama watu wa kwao, aliyeuza vipuri vya moto. Walipendana miaka mine. Wajomba wa Valentin walileta mbuzi kumi na mbili za mahari, kama desturi ya kwao inavyotaka, na zikalia katika kiwanja cha baba yake Léonie zikingoja kugawanyiwa ndugu. Hazikugawanywa. Dimanche moja, watu wakitoka misa ya pili, wale wajomba walirudi na kamba mkononi. Mukubwa wao akasema kwa sauti ya kufika hadi barabarani:

"Huyu binti hasemi. Anatazama tu. Mwanamuke wa kutazama tu, hatujue anafikiri nini. Hatuwezi kumuingiza ndani."

Mbuzi zikatolewa moja moja mbele ya watu. Ya mwisho ikagoma mlangoni, wakaisukuma kwa nyuma, watu wakacheka. Valentin hakuonekana, alikuwa amekwisha kupanda mashua ya Bukavu. Baba yake Léonie alikuwa na zoea la kukaa na kiti mbele ya mlango wake jioni na kusalimia wapita njia. Tangu siku ile alikaa ndani, hata akafa.

Kisha habari zikafika toka Bukavu. Valentin ameoa. Valentin anasema hajawahi kuchumbia mutu Goma, wanaosema hivyo wanamusingizia. Hapo ndipo Léonie alipojua anataka nini. Hakutaka Valentin arudi, na musamaha wake hakuuhitaji. Alitaka siku moja, mbele ya watu na kwa mdomo wake mwenyewe, Valentin aseme kwamba alimujua. Akangoja. Ana uvumilivu wa mutu anayetazama maji ndani ya glasi.

Siku moja simu ikalia.

"Allo, Mama wa Hoteli? Miye ni Bénita, niko Bukavu. Rafiki yangu Joyeuse njo alinipa namba yako. Unafanyaka kazi na samedi?"

"Ninafanya."

"Eeh! Waliniambia unaongea kidogo. Haina shida, mi naongea kwa watu wawili. Sikia, miye na bwana yangu tunafikisha miaka tano ya ndoa. Nataka nimushangaze. Anajua tunakuja Goma, lakini pa kulala na pa kula hajue. Nimeshonesha pagne tatu mpya, moja ya kila mutoko. Unichagulie pahali pa mapenzi, pa kando ya ziwa. Na ye hajue Goma hata kidogo, maskini! Anasema alipita siku moja tu, kununua vipuri."

Léonie akamuomba picha ya bwana, ili watu wa hoteli wamupokee vizuri. Huomba hivyo kwa kila mutu. Picha ikafika. Mashavu yalikuwa yamejaa, shingo imenona ndani ya kola, lakini kovu la Valentin lilikuwa palepale juu ya nyusi.

Mudogo wake Exaucée, fundi wa nguo, akasimamisha mashine.

"Yaya, kuna nini? Sura yako imebadilika."

"Valentin anakuja."

"Valentin gani? Ule wa mbuzi?"

"Na muke yake. Anataka nimuchagulie hoteli."

Exaucée akapiga makofi. "Mungu ni mukubwa! Umupeleke pale kwenye kunguni! Umupe kile chumba jenereta iko inaimba chini ya mto!"

"Hapana," Léonie akasema. "Nitamupeleka pahali pazuri sana."

Kulikuwa na pahali patatu Goma ambapo, kwa miaka sita, Léonie hakupeleka mutu, hata awe amemulilia. Hoteli ndogo ya Mama Philomène kule Keshero, yenye baraza juu ya maji. Kibanda cha muzee Namegabe cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wanaokaangwa hadi wanalia kwenye meno. Na restora moja juu ya mawe meusi ya volkano, ambapo mupiga gitaa Prodige anaimba kila samedi jioni. Patatu hapo ndipo Valentin alipomupeleka, wiki kwa wiki, miaka mine. Watu wa pale hawajabadilika, na hawasahau mutu.

Exaucée alipoelewa, hakucheka tena. "Na ule muke? Yeye amekukosea nini?"

Léonie akachukua simu. Kwa kawaida, kabla ya kuchagua, anaongea na bibi peke yake na bwana peke yake. Safari hii bwana hakumupigia. Aliandikia Bénita majina matatu, saa zake na njia zake. Chumbani akaagiza maua mekundu juu ya kitanda, kama anavyowafanyia wote.

Walifika vendredi, siku ya ijumaa. Saa kumi na moja sauti ya Bénita ikaingia kwenye simu ya Léonie, ya furaha na ya haraka:

"Mama wa Hoteli, chumba ni kizuri, maua ni mazuri, aksanti sana! Nimevaa pagne ya kwanza. Lakini ucheke: mwenye hoteli amemukumbatia bwana yangu. Anamuita Vale! Anasema, 'Vale, ulipotelea wapi, na ule mukimya wetu yuko wapi?' Bwana anasema amemufananisha na mutu. Ule mama anaona vizuri kweli?"

Mama Philomène anaona hadi mashua za upande wa pili wa ziwa. Léonie akaandika: *Mupumzike vizuri.*

Kesho yake, samedi, saa saba mchana ikaja sauti nyingine:

"Tuko kwa muzee Namegabe. Nimevaa ya pili, imebaki ile ya kijani. Hatujaagiza kitu, analeta sambaza, anasema, 'Bila pilipili, na limao mbili, kama zamani.' Ni kweli bwana yangu hakulaka pilipili. Anasema hapa Goma watu wanajifanyaka wanakujua ili ukule mingi. Ni kweli, mama?"

Sauti hii ilikuwa fupi kuliko ya jana, na mwishoni hakukuwa na kicheko. Léonie alikisikia kilichokosekana. Kidole chake kilikaa juu ya namba ya Bénita. Neno moja tu, usiende pale pa tatu, na yote yangeishia hapo. Akafikiria kiti cha baba yake. Akaandika: *Goma watu wana kichwa kizuri. Jioni mavazi yako yawe ya kijani, yatapendeza kando ya maji.*

Kisha akavaa, akawatangulia kule kwenye restora ya mawe meusi.

Alipata meza nyuma ya nguzo, akaagiza Fanta. Saa kumi waliingia. Bénita alikuwa mwanamuke munene, muzuri, pagne ya kijani imemukaa kama maji, na anatazama huku na huku kama mutu anayesoma maandishi madogo. Valentin alikuwa na miwani nyeusi. Alipoona Prodige na gitaa lake, mguu ukabaki kwenye ngazi.

"Twende pengine. Hapa kuna upepo."

"Upepo wa wapi? Hata nyuki hawasukumwe! Ukae."

Wakakaa. Mupiga gitaa wa kwetu ana desturi yake: anayemunywesha leo ataitwa jina ndani ya wimbo leo, na kesho, na mwaka kesho, maana jina ndilo chakula cha mwimbaji. Valentin alimunywesha Prodige miaka mine. Prodige akanyanyua kichwa, akaona kovu juu ya miwani, meno yote yakatoka. Akapiga nyuzi.

"Valentin eeh! Vale wa Butembo! Vale na Léonie eeh, Léonie mutoto wa Majengo! Lini mutatuonyesha mutoto?"

Watu wakapiga makofi kama inavyopasa. Mutu mumoja akanyanyua chupa kumusalimia mwenye kuimbwa.

"Mulevi huyu," Valentin akasema. "Amenifananisha."

Prodige akaweka kiganja juu ya nyuzi. Sasa alikuwa ameumia.

"Miye, kufananisha? Papa Vale, nimeimba hilo jina hadi sauti ikakauka! Na Léonie mwenyewe si ule pale, kwa nguzo?" Akamuonyesha kwa shingo ya gitaa.

Hilo Léonie hakulipanga. Vichwa vyote vikageuka. Angeweza kuinama chini ya meza, akasimama.

Bénita akamutazama, kisha akamutazama bwana yake. "Vale. Unamujua huyu mama?"

"Ni mambo ya zamani, ya utoto..."

"Utoto wako sikuulize. Unamujua?"

"Ninamujua."

"Sema kwa nguvu. Maji yanapiga kelele."

Valentin akavua miwani. Serveur mumoja alisimama na sahani mkononi bila kujua aipeleke wapi.

"Ninamujua! Alikuwa muchumba wangu. Tulileta mbuzi, tukazirudisha."

"Juu ya nini?"

"Wajomba walisema hasemi..."

"Wajomba walisema. Na weye?"

Akatazama mawe. "Miye njo niliwatuma. Nilikuwa nimekwisha kukuona weye Bukavu. Nilihitaji sababu."

Utamu ulimupanda Léonie toka miguuni. Miaka sita alikuwa akijiuliza kama kweli kuna kitu kilichopungua ndani yake, na kumbe hakikupungua kitu. Alimutazama Valentin polepole, jasho juu ya mdomo, mkono unaotafuta mfuko wa suruali na hauupati, na akatamani jioni ile isiishe.

Lakini Bénita alikuwa amekuja hadi kwenye meza yake.

"Ni weye Mama wa Hoteli?"

"Ni miye."

"Ulijua toka siku gani?"

"Toka uliponitumia picha."

"Bon." Bénita akavuta pumzi. "Ungeniambia kwa simu. Dakika moja tu. Ningelia nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Weye ukanivalisha pagne tatu. Ukaniambia nivae ya kijani. Ukanipanga kama maua ya pale kitandani ili ye aaibike vizuri."

Léonie akafungua mdomo.

"Usiseme," Bénita akamukata. "Uliyanyamazia yote, na hili ulinyamazie."

Akarudi kwenye meza, akachukua mkoba, akapanda ngazi. Valentin akamufuata. Bénita akamuambia bila kugeuka: "Ukae ukule. Umechaguliwa pahali pazuri." Akakaa. Hakuna aliyejua amuangalie ao amuache, kwa hiyo wote walimuangalia.

Bénita aliondoka kwa mashua ya kwanza ya dimanche, peke yake. Valentin alilala Keshero kwa Mama Philomène, na asubuhi yule mama alimupa chai bila kumuita Vale.

"Umeridhika?" Exaucée akauliza nyumbani.

"Kwa ule, ndiyo. Hadi kwenye mifupa."

"Na kwa muke yake?"

Léonie akachukua simu. Aliandika akafuta, akaandika akafuta, mwishoni akatuma neno moja: *Unisamehe.* Jibu lilikuja siku ya tatu: *Usinitafute.* Hakumutafuta.

Juma lile aliingia kanisani kuungama. Akapiga magoti, akamuambia padri habari za mwanamuke wa Bukavu, pagne moja moja, hata sauti ile fupi ya samedi aliyoisikia vizuri na kuipita. Padri akauliza kama kuna lingine.

"Hapana," Léonie akasema.

Ya Valentin hakuisema. Mutu anaungama kile anachokijutia.